Mama Yake Simiyu

Watu wa Kamukuywa walimngoja mama wa kindi kwa miaka kumi na sita, na tafadhali mtu asicheke. Walimngoja kwa imani kubwa kuliko ile wanayongojea nayo lami waliyoahidiwa, na sababu ni moja tu: aliyewaambia atarudi alikuwa Bramwel, na jambo likishasemwa na Bramwel kwenye maiki lilikuwa limesemwa.

Siku hizo Bramwel alikuwa na kibanda cha vidio nyuma ya soko. Mabati pande zote, mabenchi ya mbao yasiyo na pa kuegemea, na televisheni moja nene iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama ya mwalimu mkuu. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha filamu kinakimbia mno. Basi Bramwel, akishaitazama filamu kwanza peke yake, alikuwa akiketi kando ya televisheni, anaizima sauti ya wenyewe, halafu anakuwa yeye ndiye kila mtu: mwizi yeye, polisi yeye, bibi harusi yeye. Majina aliyabadilisha na miji akaihamisha. Mzungu akiingia nyumbani akipepesuka, Bramwel alitangaza kwamba ametoka kwenye pombe ya busaa Naitiri, na watu wakaangua kicheko kwa kuwa nyumba yenyewe walikuwa wakiijua. Filamu ambayo haikupita mdomoni mwa Bramwel, kwa watu wa pale, ilikuwa bado haijafika.

Ndipo ikaja ile katuni ya kindi. Kindi mdogo, sikio moja limepasuka, anaishi na mamake ndani ya shina la mti katika nchi ya baridi. Bramwel alimtazama mara moja tu akampa jina la Simiyu, na tangu hapo hakuna mtu aliyetaka kujua wenyewe walimwitaje. Katika msitu ule kulikuwa pia na bundi mzee mwenye busara, lakini bundi kumkumbatia mtoto ni jambo ambalo hakuna mama wa Kamukuywa angekaa kulitazama, kwa hiyo Bramwel akasema huyu ni Chifu. Ukimwangalia vizuri, na lile tumbo na yale macho ya kudai heshima, ungekubali.

Katikati ya filamu theluji inaanguka. Mama kindi anamfunika mwanawe kwa majani, anatoka kwenda kutafuta chakula, na harudi. Asubuhi anakuja Chifu, anamwekea Simiyu bawa lake begani, anamwambia maneno, na Simiyu analia hadi mwili unatetemeka. Maneno yenyewe ya Kiingereza hakuna aliyeyasikia. Waliyoyasikia ni ya Bramwel.

"Usilie, Simiyu. Mama ameenda kwao Cheptais kumwona nyanya yako. Atarudi mvua ikianza, na atakuletea viazi."

Filamu ikaisha Simiyu akiwa amesimama juu ya tawi, anatazama mbali. Kibanda kizima kilijua anamtazamia nani.

Kwenye kigoda cha mbele kabisa aliketi Linet, binti pekee wa Bramwel, mwenye miaka sita. Yeye hakushangaa hata kidogo. Maneno yale yale alikuwa ameyasikia nyumbani miezi minne kabla, kwanza kutoka kwa mamake mwenyewe. Agneta alikuwa amebeba begi la bluu, anaenda Cheptais kwa mamake mgonjwa, akamshika Linet shavu akamwambia: nitarudi mvua ikianza, nitakuletea viazi. Miaka ile mlimani kuliko Cheptais hakukuwa na amani. Watu walikuwa wakishuka na magodoro vichwani, na wa kupanda walikuwa wachache. Agneta alipanda. Baada ya wiki mbili Bramwel akamfuata peke yake, akakaa siku nne, akarudi na viatu vimejaa tope, akasema mama bado yuko huko, atarudi mvua ikianza.

Linet aliujua ukweli akiwa darasa la tatu, na aliyemwambia ni Kipkoech, tena kwa sababu ya rula. Waligombania rula, Linet akashinda, Kipkoech akamtupia la mwisho alilokuwa nalo: "Ndio maana mamako alikufa huko Cheptais, akazikwa huko huko!" Kumbe darasa zima lilijua. Kamukuywa nzima ilijua, ila ilikuwa imeshikwa na huruma. Linet alifika nyumbani akamkuta babake anasonga ugali. Bramwel aligeuka akamwona uso, mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Umekula shuleni?" akamuuliza.

"Nimekula."

Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao kuhusu kifo cha Agneta. Hawakuongeza hata neno moja tangu siku hiyo. Walikula ugali wao, na miaka ikapita wakiwa wameliacha jambo lenyewe katikati ya nyumba na kulizunguka kila wanapotembea.

Na sasa nieleze kitu ambacho Linet hakuwahi kumwambia mtu. Habari ya mamake aliikubali, maana angefanyaje. Ya mama wa Simiyu hakuikubali, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Alihesabu hivi: mmoja amekufa, lakini mmoja bado yuko njiani. Alikua na hesabu hiyo, akaingia sekondari nayo, akaenda kufanya kazi Kitale nayo. Katika simu yake alikuwa na filamu ile ile, imenakiliwa kutoka kwenye sidii iliyorekodiwa kibandani siku hizo, yenye sauti ya Bramwel ilipokuwa bado nzima. Ukisikiliza vizuri, pale Chifu anapojikwaa, nyuma ya sauti ya Bramwel kuna mtoto anacheka. Mtoto huyo ni Linet. Jioni baada ya kazi alikuwa akivaa vidude vya masikioni, anamsikiliza babake akisema atarudi, na kwa muda ule anakuwa sawa.

Sauti yenyewe haikuwapo tena. Miaka miwili iliyopita madaktari walimtoa Bramwel uvimbe kooni, wakamwachia uhai na mnong'ono.

*

Kitale, Linet aliuza vitambaa katika duka la Kaushalya, ambaye mji mzima humwita Mama Mansi kwa jina la bintiye. Mama Mansi alikuwa mkali kwa wateja wanaoshikashika vitambaa na mpole kwa watu wengine wote. Siku moja, akiwa anakunja satini, alisema: "Linet, ile katuni ya kindi, imetoka ya pili. Mansi amenitumia tiketi mbili, na yeye mwenyewe yuko Nairobi hatakuja. Jumamosi tunafunga mapema."

Linet aliishika meza.

"Ya Simiyu?"

"Simiyu gani? Kindi! Yule wa sikio."

Jumamosi Linet alivaa vizuri kama anayeenda steji kumpokea mgeni. Filamu ilionyeshwa mchana katika ukumbi wa hoteli moja mjini, na ukumbi ulijaa pomoni. Watoto walikuwepo, lakini wengi walikuwa watu wazima wa rika la Linet, waliowavuta wadogo zao kwa mkono ili waonekane wamewasindikiza. Simiyu alipotokea kwenye pazia, mkubwa sasa, sikio lake limepasuka vile vile, kelele zilizopigwa ziliwashtua watoto waliokuwa kwenye bisi zao. Mwanamume mwenye ndevu nyuma ya Linet alisema, "Aki huyu jamaa," na sauti ikamkatikia hapo hapo.

Simiyu sasa ana binti. Binti anauliza maswali mengi kama mabinti wote, na siku moja anauliza nyanya yake yuko wapi. Linet alinyoosha mgongo kwenye kiti. Sasa, alijiambia. Sasa anatokea na begi lake.

Simiyu akamshika bintiye mkono wakatembea msituni hadi kwenye tuta dogo la udongo chini ya mti, njugu kavu zimepangwa juu yake, alizoziweka kila mwaka. Akaongea. Linet Kiingereza alikuwa anakijua, na siku hiyo alitamani asingekijua. Simiyu alisema: alikufa katika theluji ile, mimi nikiwa mdogo kama wewe.

Ukumbi mzima ukaanza kuvuta makamasi. Kilikuwa kilio kitamu, cha watu wanaokutana tena na uchungu wanaoujua tangu utotoni. Cha Linet hakikuwa hicho. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anapata habari. Alilia kwa sauti, mikono kichwani, hadi mtoto wa mbele akageuka kumtazama.

"Pole, pole, wewe," Mama Mansi alimpa ncha ya mtandio wake ajifute. "Lakini si ulijua? Si alikufa tangu ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza alienda Cheptais."

Mama Mansi alivua miwani. "Cheptais? Na hiyo barafu yote? Nani alisema?"

"Baba."

Mama Mansi alianza kucheka, akamwona uso, akaacha. Alimwachia mtandio wote.

*

Jumatatu Kipkoech akapiga simu. Ndiye yule yule wa rula. Amekuwa jitu la mtu siku hizi, na kibanda cha Bramwel alikinunua yeye, akaweka projekta na spika mpya.

"Linet, niaje. Simiyu ya pili nimeipata. Nimeshatangaza na boda soko lote, Jumapili baada ya kanisa. Watu wanatoka hadi Naitiri. Wanajua mama anarudi."

"Kipkoech, umeitazama?"

"Si iko kwa Kizungu! Nitazame nini? Sasa sikia. Mzee hawezi, na mimi nikishika maiki watu watanipiga na viatu. Wewe ndio uko na hiyo damu, bana. Kuja utafsiri."

Linet alitaka kukataa. Lakini hasira ilikuwa haijamtoka tangu Jumamosi, na hasira ile ikaona nafasi. Alijiona ameshika maiki mbele ya Kamukuywa yote, babake yuko pale, na yeye anasema waziwazi: alikufa. Alikufa, na mlijua, na hakuna aliyeniambia. Atalazimika kusikia. Na akisikia, labda atasema kitu. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, ukimvua hasira yote: babake amwambie, kwa mdomo wake, mara moja tu, kwamba mama alikufa. Aliambiwa na Kipkoech kwa ajili ya rula. Aliambiwa na katuni. Mtu aliyekuwa na deni la maneno hayo alikuwa hajayasema.

"Nitakuja," akasema.

Jumamosi jioni alimkuta Bramwel uani anapukuchua mahindi, kitambaa shingoni kuficha kovu. Alikuwa amekonda tena. Wakasalimiana, Linet akaketi akachukua hindi, wakapukuchua pamoja kwa muda.

"Baba. Nimeona ya Simiyu ya pili. Mama yake alikufa."

Bramwel aliendelea na mahindi yake.

"Wewe ulijua. Kiingereza ulisikia. Ulijua tangu ile ya kwanza."

Alitikisa kichwa kukubali. Linet akangoja. Punje ziliendelea kuanguka ndani ya karai. Mwishowe Bramwel akainua macho, midomo ikafunguka, na kwa mnong'ono wake akasema, "Kuna chai kwa thermosi."

Linet aliingia ndani asije akasema jambo la kujutia. Alimimina chai, akaiacha kwenye kikombe hadi ikapoa, hakuinywa.

*

Jumapili kibanda kilijaa hadi watu wakasimama nje kuchungulia kwenye mianya ya mabati. Wasichana wa wakati ule walikuwa mama sasa, na kila mmoja amemleta wake. Bibi mmoja aitwaye Wangu, ambaye zamani aliuza mandazi mlangoni, alikuwa na mjukuu mapajani, na Linet akamsikia akimwambia: "Leo mama yake Simiyu anarudi. Kaa ukiangalia. Ako na viazi." Mjukuu akauliza viazi vya kuchemsha ama vya kukaanga.

Bramwel aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Linet alishika maiki. Simiyu akatokea, kibanda kikapiga mayowe, na mdomo wa Linet ukafunguka wenyewe. Hakujua kwamba alikuwa navyo vyote. Alikuwa na sauti nyembamba ya Simiyu, alikuwa na kikohozi cha Chifu, alijua mahali pa kunyamaza ili kicheko kipite. "Huyu Simiyu amekuwa mzee wa boma, muone vile anatembea, ati mikono nyuma! Anaenda wapi? Anaenda Kimilili, kuna mkutano wa makindi!" Watu walipiga mabenchi. Chifu alipojikwaa, mama mmoja alilia kwa kucheka akasema, "Ni Bramwel mtupu! Ni Bramwel amekaa ndani ya huyu msichana!" Linet alitupa jicho nyuma. Babake alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inatembea, anasema maneno kabla hayajafika kwake.

Kisha binti wa Simiyu akauliza nyanya yuko wapi.

 Simiyu na bintiye wakatembea msituni. Linet alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya njia yote kutoka Kitale, na yalikuwa matatu tu. Nyanya yako alikufa. Tuta likaonekana, na njugu juu yake. Aliinua maiki. Mbele yake, kwenye vigoda, watoto walikuwa wamemkodolea macho, na mjukuu wa Wangu alikuwa ameacha kutafuna.

Akasikia sauti yake inasema, "Nyanya yako... nyanya yako alienda kwao Cheptais."

Yeye mwenyewe alishtuka. Hakukusudia. Alijaribu tena. "Atarudi... mvua ikianza, atarudi. Na..."

"Lakini Simiyu analia," mtoto mmoja alisema.

Ni kweli alikuwa analia, tena picha ilikuwa kubwa mno kufichwa. Linet alitafuta neno, neno likakosekana. Alisimama pale na maiki mdomoni, akapumua, na pumzi ikasikika kwenye spika zote mbili. Tangu darasa la tatu alikuwa akimuuliza babake moyoni ilikuwaje asiweze kusema neno dogo namna ile. Sasa alikuwa amelishika yeye, na lilikataa kutoka.

Aliona watu wakipisha. Bramwel alikuwa anapita kati ya mabenchi, mkono shingoni, anakanyaga miguu ya watu bila kuomba radhi. Alifika, akaketi mahali pake pa zamani, kando ya pazia. Akanyoosha mkono, na Linet akampa maiki.

Tangu atolewe uvimbe Bramwel hakuwa ameshika kitu hicho. Alikisogeza hadi kikagusa midomo. Mnong'ono ukatoka kwenye spika mpya za Kipkoech, mkavu, lakini kila mtu aliusikia hadi waliokuwa nje.

"Mtoto wangu," Simiyu akamwambia bintiye. "Nyanya yako hayuko safarini. Alikufa."

Wangu alisema, "Uwi!" na kujifunika mdomo.

"Alikufa kule Cheptais. Malaria, siku tatu tu. Mimi nilifika jioni, nikakuta wamemfunika. Barabara ilikuwa imefungwa, kila mtu anaogopa, nikashindwa kumleta nyumbani. Tukamzika asubuhi mapema, watu sita."

Kwenye pazia Simiyu alikuwa amemaliza kuongea. Picha ilihama, makindi wawili walevi waliteleza kwenye barafu wakaanguka matakoni, sehemu ambayo Kitale walicheka hadi machozi. Hapa hakucheka mtu. Hakuna aliyekuwa akiitazama. Bramwel alikuwa ameipa filamu mgongo.

"Nilirudi kwa miguu kutoka Chwele. Njiani nilifanya mazoezi ya kusema. Nikasema, nikifika tu, nasema. Nilipofika mtoto alikuwa amekaa mlangoni. Amevaa gauni la kanisani, na si Jumapili. Anamngoja mamake. Akaniuliza, yuko wapi? Nikashindwa. Nikasema atarudi mvua ikianza."

Alivuta pumzi. Pumzi yake ilipita kooni kwa shida.

"Mvua ikaanza. Nikasema ile nyingine."

Linet alikuwa amepiga magoti chini, kwenye vumbi, paji la uso liko kwenye goti la babake. Hakumbuki alifikaje hapo.

"Halafu ikaja hii filamu," Bramwel akasema. "Mtoto yuko hapo mbele kwenye kigoda. Chifu anamwambia Simiyu mama amekufa, na mimi ndio niko na maiki. Ningefanyaje, watu wa Kamukuywa? Nilikuwa nimechoka kumuona akilia. Nikaona wacha huyu mmoja awe hai." Aliweka mkono juu ya nywele za Linet. "Mama alikufa, Linet. Mamako alikufa. Nilikuwa nakutafutia siku nzuri ya kukwambia."

Linet aliyasikia. Alikuwa amefikiri kwamba maneno hayo yakija yatamkata, na kweli yalimkata. Lakini pamoja na kukata aliona kitu kikitua mahali pake, na akalia jinsi alivyopaswa kulia akiwa na miaka sita, kwa sauti, bila kujali kamasi. Kibanda kizima kikalia naye. Walimlilia mama wa kindi na Agneta waliyemjua, na baadhi yao nadhani walikuwa na wafu wao wenyewe ambao hakuna aliyewasemea. Wanaume walijifanya projekta inawaumiza macho. Kipkoech alisimama kando ya mashine yake na mikono mirefu isiyo na pa kwenda.

Ni Wangu aliyekatiza kilio. "Bramwel! Kumi na sita! Mimi nimemngoja huyo mama miaka kumi na sita, na ulijua!"

Watu wakacheka katikati ya machozi, na Bramwel naye akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu.

"Sasa inaisha aje?" mtoto wa vigodani akadai. "Rudisha nyuma, tumepitwa!"

Kipkoech akarudisha. Linet alijifuta kwa ncha ya leso ya mtu, akachukua maiki, akaimaliza filamu na sauti iliyokwaruza karibu kama ya babake. Tuta lilipotokea tena alisema maneno matatu aliyokuja nayo. Yalitoka. Watoto walilia kidogo, wakanyamaza, wakataka kujua njugu zile zitaliwa na nani.

Walipotoka jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Kipkoech aliwafuata hadi njiani, akamshika Linet kiwiko.

"Linet. Ile ya rula. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mtoto," Linet akasema. "Na rula ilikuwa yangu."

Nyumbani aliandika ujumbe kwenye simu: Mama Mansi, naomba siku ya kesho. Naenda Cheptais kwa mama. Alitazama maneno hayo ya mwisho kwa muda kabla ya kuyatuma. Jibu lilikuja upesi. Enda. Mtandio baki nao.

Asubuhi alioga, akatoa mkobani gauni alilokuwa ameliweka kwa ajili ya kanisa, akalivaa ingawa ilikuwa Jumatatu. Kwenye kiroba kidogo aliweka viazi, kwa kuwa hakujua mtu hupeleka nini. Alidhani babake bado amelala. Alipofungua mlango alimkuta amekaa pale kizingitini, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kanisani na viatu vilivyong'arishwa, anamngoja.